Kuhama chumba kati ya safari mbili za meli: wahudumu wanaijua kazi, kompyuta haikujui

Mtu akinunua safari mbili za wiki moja moja zinazofuatana kwenye meli ileile ya kitalii, ya kwanza Karibi ya mashariki na ya pili Karibi ya magharibi, hujiona amenunua safari moja ya siku 14. Kampuni ya meli haioni hivyo. Kwake hizo ni tiketi mbili zenye namba mbili, na kwenye kompyuta zake ni abiria wawili waliofanana majina: mmoja anashuka Miami Jumamosi asubuhi, mwingine anapanda Jumamosi mchana. Ukilishika hilo tu, karibu kila usumbufu wa kuhama chumba katikati utauona unakuja kwa mbali.

Tunachotathmini hapa ni huduma ya kuhamishwa chumba kwenye meli kubwa zinazotoka Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral kule Florida. Hailipiwi. Upande wa mikono, yaani kubeba, kusafisha na kutundika, inafanywa vizuri kuliko hoteli nyingi za nchi kavu. Upande wa karatasi ndio unaopwaya, na huko ndiko abiria wanakoumia.

Kwanza, je, kuna haja ya kuhama? Kuna sababu mbili za kweli. Ama chumba ulichokipata wiki ya kwanza kimeshauzwa wiki ya pili, ama umefuata bei, hasa ile bei ya chini ambapo unanunua daraja tu la chumba na kampuni inakupangia namba baadaye. Hiyo ya pili ni nafuu, lakini huwezi tena kuchagua: unaweza kutoka chumba cha katikati chenye roshani ukajikuta omo kabisa, yaani mbele mwa meli, mahali ambapo meli ikikutana na mawimbi hupanda na kushuka kuliko penginepo. Kwa maoni yetu, tofauti ya bei ikiwa chini ya dola 100 kwa watu wawili, lipa ubaki ulipo. Asubuhi nzima ya likizo ina thamani zaidi ya hapo.

Usikate tamaa mapema ukiambiwa chumba kimechukuliwa. Malipo ya mwisho kwa kampuni nyingi hudaiwa kati ya siku 75 na 90 kabla ya kuondoka, na tarehe hiyo ikipita, wasiolipa hufutwa na vyumba hurudi sokoni. Piga simu wiki hiyohiyo. Uliza kama chumba chako cha safari ya kwanza kimefunguka kwenye safari ya pili, kisha uliza bei kabla hujasema ndiyo, maana kubadilisha daraja kunaweza kukuhesabia bei ya siku hiyo. Kama ulinunua kwa wakala, wakala ndiye apige. Kampuni mara nyingi hukataa kugusa tiketi iliyo mikononi mwa wakala. Na katika simu hiyohiyo, omba tiketi zote mbili ziunganishwe kwenye mfumo. Hazitageuka moja, lakini angalau mapokezi watajua unabaki.

Ikishindikana, basi chagua kwa akili. Chumba kizuri kiwe cha pili. Kutoka roshani kwenda chumba cha ndani kisicho na dirisha ni adhabu. Kutoka ndani kwenda roshani ni zawadi, na kabati nazo huongezeka badala ya kupungua. Tafuta deki moja, ubavu mmoja. Kwenye meli nyingi namba shufwa ziko ubavu mmoja na witiri ubavu wa pili, kwa hiyo ni rahisi kukagua kwenye ramani ya deki. Sababu si uvivu wa kutembea. Vyumba vya ubavu wa pili hujengwa kama taswira ya kwenye kioo: mlango wa choo uliokuwa kulia unakuwa kushoto, na mtu aliyezoea wiki nzima huamka saa nane usiku akaenda kugonga kabati kwa paji la uso. Angalia pia kilicho juu ya chumba kipya. Chini ya deki ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Chini au juu ya ukumbi wa maonyesho utasikia ngoma. Na mlango wa kuunganisha vyumba viwili hupitisha kila neno la jirani.

Maandalizi melini yaanze siku tatu kabla ya safari ya kwanza kuisha. Nenda mapokezi asubuhi ya siku ya baharini, si jioni ya mwisho ambapo foleni ni ya watu wenye malalamiko ya bili. Hakikisha mambo matatu: kwamba jina lako limo kwenye orodha ya wanaobaki, kwamba wana namba sahihi ya chumba kipya, na kwamba mhudumu wa chumba cha sasa pamoja na wa chumba kipya wameandikiwa. Mwambie mhudumu wako mwenyewe pia, kwa mdomo. Kwa kawaida barua italetwa chumbani ikieleza saa na mahali pa kukutania, na mara nyingi kadi mpya huja nayo au hugawiwa asubuhi yenyewe. Saa zilizoandikwa ni za Kizungu: 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi.

Kabla ya hapo kuna jambo la nguo chafu. Mfuko wa dobi ukipelekwa siku ya mwisho hurudishwa kwenye namba iliyoandikwa juu yake, yaani chumba ambacho si chako tena. Upeleke mapema ili nguo zirudi angalau siku moja kabla ya kuhama. Meli nyingi za kampuni za Carnival na Princess huwa na vyumba vya kujifulia kwa mashine. Royal Caribbean hawana, kwa hiyo huko ratiba ya dobi ni ya kuichunga kweli.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, linalotendwa usiku wa mwisho. Korido nzima itajaa masanduku yenye lebo za rangi na namba. Ukiona wenzako wote wametoa yao nje, mkono utakuwasha nawe utoe. Usitoe. Masanduku yale hukusanywa usiku, hushushwa deki za chini, hupakiwa kwenye vizimba vya chuma, na alfajiri huwa yameshapelekwa kwenye jengo la abiria, upande wa forodha. La kwako likienda nayo, itabidi ushuke ukalitafute katikati ya maelfu, na kulirudisha ni kulipitisha kwenye ukaguzi wa usalama kama mzigo wa abiria mpya. Mzigo wa anayehama chumba hautoki chumbani hadi asubuhi, na unabebwa na mhudumu.

Namna ya kufunga mizigo ni hii. Nguo zilizotundikwa haziingii sandukuni kabisa. Ziache kabatini kwenye hanga zake, zote upande mmoja, na ufunge hanga tano tano kwa mpira wa nywele au uzi shingoni mwa hanga. Mhudumu huja na toroli lenye mwamba wa kutundikia, lile kama la hotelini. Hanga zilizolegea huteleza toroli linaporuka kizingiti cha lifti, na gauni la hariri ndilo huanguka kwanza. Nguo za kukunja, viatu na vya bafuni viingie sandukuni. Vimiminika vyote viwe kwenye mfuko wa plastiki wenye kufunga, chupa zisimame. Kila kipande kiwe na lebo yenye jina na namba mpya tu. Lebo ya zamani, hata ile ya ndege iliyosahaulika kwenye mkono wa sanduku, ing'olewe. Kisha andika idadi kwenye karatasi na kuiacha kitandani: masanduku 2, begi 1, hanga 14, kutoka 8234 kwenda 9650. Ipige picha. Karatasi hiyo ndiyo mkataba wako pekee endapo kitu hakitafika, na pia humsaidia mhudumu wa pili ambaye hajawahi kukuona.

Vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: sefu, chaja nyuma ya kitanda, ndoano za sumaku (kuta za vyumba ni za chuma, kwa hiyo wengi huzitumia), chupi kwenye kamba ya bafuni, dawa kwenye friji ndogo, na droo ya chini ya kochi. Ukimaliza, acha mlango wa sefu wazi na droo zote zimevutwa. Ni ishara kwa mhudumu kwamba umeshakagua, na kwako ni macho ya pili kabla ya kufunga mlango.

Mkononi ubaki na pasipoti, kadi mbili za melini (ya zamani na mpya), dawa za saa 24, simu na chaja, miwani, fedha na dhahabu, na nguo ya kuogelea. Kusudi la hiyo ya mwisho litaonekana.

Chumba cha zamani hutakiwa kiwe wazi kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kipya huwa tayari karibu saa saba mchana. Saa hizo nne au tano huna chumba, na hakuna kampuni inayoweza kuzifuta, kwa sababu za hesabu ya wazi. Chukua meli ya Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024: abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili kila chumba, maana yake vyumba 2,805 vya kusafishwa asubuhi moja. Mhudumu wa chumba chako kipya hawezi kukianza hadi waliomo watoke, na huenda hao wameshikilia nafasi ya mwisho kushuka. Kumsukuma hakusaidii. Na usimwombe mhudumu wa zamani akuachie mzigo wako hadi mchana. Naye ana wageni wapya wanaoingia humo.

Katikati ya saa hizo kuna Uhamiaji. Katika bandari za Marekani meli inatakiwa ishuke hadi sifuri: kila abiria wa safari iliyoisha awe ametoka kwenye hesabu kabla ya wa safari mpya kuanza kupanda. Anayebaki naye ni abiria wa safari iliyoisha. Kwa hiyo mnakusanywa ukumbini, mnaongozwa kwa kundi, mnaskani kadi ya zamani mlangoni, inalia, mmetoka. Ndani ya jengo kuna kamera inayolinganisha uso na picha ya pasipoti au viza, na ofisa wa mpaka. Baada ya hapo mnaketi. Kinachosubiriwa ni namba sifuri kwenye skrini ya walinzi wa mlango, na kwa kawaida kinachoichelewesha ni mtu mmoja au wawili waliolala, au waliotoka bila kadi yao kusomeka. Zoezi zima linaweza kuchukua dakika 20, au likazidi saa moja. Mkirudi mnaskani kadi mpya. Kumbuka mpangilio: ya zamani kutoka, mpya kuingia. Ukizigeuza, mfumo unakuona hujatoka, na mtu wa mwisho anayesubiriwa na meli nzima unakuwa wewe.

Hapa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zake wanatakiwa wasome mara mbili. Kila meli inaporudi Florida ni kuingia Marekani upya. Aliyetoka nje kwa ndege ataingia mara tatu: uwanjani, katikati ya safari hizi mbili, na mwishoni. Viza iwe ya kuingia mara nyingi, na iwe hai hadi siku ya mwisho ya safari ya pili, si ya kwanza. Na usidanganyike na Wamarekani wanaosafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho tu kwenye safari za kurudi bandari ileile; ruhusa hiyo ni ya raia wao.

Ukisharudi ndani, zawadi yako inakusubiri. Kwa muda kabla abiria wapya hawajafunguliwa, meli nzima ni yenu wachache. Bwawa halina mtu, lifti zinakuja papo hapo, na baadhi ya meli huwaandalia wanaobaki chakula cha mchana cha peke yao. Ndiyo sababu ya ile nguo ya kuogelea. Aliyeifunga sandukuni hukaa kando ya maji na suruali ndefu akiwatazama wengine.

Tuje kwenye fedha, ambako wale abiria wawili wa kwenye kompyuta huonekana waziwazi. Akaunti ya matumizi hufungwa usiku wa mwisho wa safari ya kwanza na nyingine hufunguliwa. Salio la zawadi ulilopewa na kampuni au wakala huwa la aina mbili: linalorudishwa na lisilorudishwa. La pili likibaki huyeyuka usiku huo, na kuwa na safari nyingine kesho hakulinusuru, isipokuwa mapokezi wakubali kulihamisha. Waulize siku mbili kabla. Wakikataa, bado una muda wa kulitumia. Vifurushi vya vinywaji na intaneti navyo ni vya kila safari. Cha kwanza hufa asubuhi, cha pili huanza ukishapanda, na soda ya katikati unaweza kuilipia. Kifurushi cha wiki ya pili kinunuliwe mtandaoni kabla ya kuondoka nyumbani, maana melini bei mara nyingi huwa juu.

Wanaotumia kadi ya debiti wajihadhari zaidi. Kampuni hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana ya matumizi, na benki huchukua siku kadhaa kukiachia baada ya safari kwisha. Safari ya pili inaanza siku hiyohiyo, inashikilia tena. Kwa siku hizo fedha yako imefungwa mara mbili, na kadi inaweza kukataliwa kwenye duka la dawa pale Miami ilhali akaunti ina fedha. Tumia kadi ya mkopo kwa meli, au weka taslimu mapokezi.

Maombi maalum ndiyo eneo tunalolipatia alama za chini kabisa. Ukiomba kitanda kitenganishwe, friji ya insulini, chombo cha kutupia sindano, au maji yaliyochujwa kwa mvuke kwa ajili ya mashine ya kupumulia usingizini, ombi huandikwa kwenye tiketi moja. Halikufuati. Jaza fomu mara mbili, kila moja na namba yake ya tiketi, na jioni ya kabla ya kuhama uliza kama chumba kipya kimeandikiwa. Vivyo hivyo mzio wa chakula na meza ya chakula cha jioni: meza huweza kubadilika, na mhudumu wa meza aliyekuwa ameshajua huli karanga anabaki na wageni wengine. Mwone msimamizi wa ukumbi wa chakula mchana wa siku ya kupanda, kabla ya jioni. Na ujue kwamba safari za siku saba mara nyingi hurudia menyu ileile wiki ya pili.

Ukifunguliwa chumba kipya, hesabu vipande dhidi ya ile picha kabla ya kufungua chochote. Kikikosekana, nenda kwanza chumba cha zamani kabla wageni wapya hawajaingia, halafu mapokezi. Mara nyingi kiko kule, kimesukumwa chini ya kitanda. Jaribu sefu, kiyoyozi, maji ya moto na mlango wa roshani mchana huohuo. Meli ikiondoka imejaa, hakuna chumba cha kukubadilishia. Soma nyuma ya mlango kituo chako cha kukusanyikia wakati wa dharura. Kituo huenda na chumba, na aliyehama deki anaweza kuwa amehamishiwa upande mwingine wa meli. Watoto waliovishwa bangili zenye alama ya kituo wabadilishiwe zao.

Nje ya Florida mambo ni tofauti kidogo. Kwenye Bahari ya Mediterania, kampuni za MSC na Costa hupandisha na kushusha abiria katika bandari kadhaa za mzunguko mmoja, Barcelona, Marseille, Genoa, kwa hiyo hakuna asubuhi ya meli tupu, na kuhama chumba hufanyika katikati ya pilikapilika za kawaida. Ni rahisi zaidi, ila barua na matangazo ni machache, usisubiri kuitwa. Alaska ina mtego wa sheria. Sheria ya Marekani ya 1886 inazuia meli ya bendera ya kigeni kumtoa abiria bandari moja ya Marekani na kumshusha nyingine bila kupita bandari ya kigeni iliyo mbali, na Vancouver ya Kanada haihesabiwi kuwa mbali. Seattle, Marekani, hadi Vancouver ni halali. Vancouver hadi Whittier, bandari ya Alaska, ni halali. Ukiziunganisha kwenye meli ileile inakuwa Seattle hadi Whittier, na tiketi moja itafutwa. Kuhama chumba hakubadilishi kitu hapo. Kuhama meli ndiko kunakoruhusiwa.

La bahashishi: ile inayokatwa kwenye akaunti kila siku hugawanywa na kampuni, na kazi ya kuhamisha mzigo haina fungu lake. Dola 10 kwa mhudumu anayetoa na 10 kwa anayepokea ni kiasi cha heshima. Ya kwanza mpe mkononi usiku wa kabla ya kuhama. Asubuhi atakuwa korido nyingine na toroli lake, na ukiiacha kitandani pamoja na karatasi ya hesabu, hakuna ajuaye itaokotwa na nani.